Dawa ya Kila Siku na Kazi ya Mikono Yetu



Anayeambiwa na mganga kwamba ana kifua kikuu hupokea vitu viwili kwa wakati mmoja. Hupokea vidonge, navyo katika nchi yetu hutolewa bure. Hupokea pia ratiba, nayo hulipiwa na nyumba nzima. Kwa miezi sita, kila siku, atameza dawa mbele ya mhudumu au mbele ya mtu mwingine aliyekubaliwa na kituo cha afya. Tukihesabu siku 30 kwa mwezi, ni asubuhi 180. Ikiwa kwenda, kungoja kwenye benchi na kurudi vinachukua saa mbili, basi zimekwenda saa 360, yaani siku 45 za kazi ya saa nane. Hesabu hiyo haiandikwi kwenye kadi ya mgonjwa, lakini jikoni inajulikana vizuri.

Tunaandika juu ya saa hizo. Juu ya vidonge wameandika wengi, na wahudumu wa afya wanavieleza kuliko sisi. Juu ya saa, mgonjwa huachwa peke yake, na mara nyingi ni saa zinazomshinda, wala si vidonge.

Sisi ni watu saba wa Kasomeno, kwenye barabara itokayo Lubumbashi kwenda Kasenga. Tunasali katika shirika moja. Watatu kati yetu tulitibiwa kifua kikuu katika msimu mmoja, na wanne tuliwasindikiza wenzetu. Tunasema kwa mdomo mmoja kwa sababu mwishoni hatukujua tena ni nani aliyemsindikiza nani. Majina hatutayataja, maana ugonjwa huu bado una minong'ono yake. Tutasema mshonaji, mwalimu na mchoma makala, na hilo litatosha.

Tulianza dawa mwanzoni mwa Septemba, tukipishana kwa siku chache tu. Anayeijua nchi yetu ataelewa maana ya mwezi huo. Shule zinafunguliwa. Joto linapanda, mashamba yanangoja kusafishwa, na mvua zikianza kushika, mahindi lazima yawe tayari kuingia ardhini. Makala yanatafutwa mjini, na kila lori linalopita na samaki wa Luapula na wa ziwa Mweru ni soko linalopita pia. Dawa ya miezi sita iliyoanza Septemba ingekwisha Machi. Kwa maneno mengine, ilifunika msimu wote ambao nyumba ya Kasomeno hujitafutia chakula cha mwaka.

Swali la kwanza tulilojiuliza ni kwa nini dawa iwe ndefu hivi. Jibu la wahudumu lilitusaidia, nasi tunaliandika kama tulivyolielewa. Vijidudu vya kifua kikuu hukua polepole, na baadhi yao hulala. Dawa huua upesi vile vilivyo macho, ndiyo maana baada ya wiki chache kikohozi hupungua, hamu ya chakula hurudi, na mwili huanza kujidai kuwa umepona. Vile vilivyolala hubaki vikingoja. Kwa miezi miwili ya kwanza mgonjwa humeza dawa nne pamoja: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na etambutoli. Kwa miezi minne inayofuata humeza mbili, rifampisini na isoniazidi. Akiacha katikati, vilivyosalia huamka, na huenda vikaamka vimejifunza kuishinda dawa. Ugonjwa sugu wa namna hiyo ulikuwa ukitibiwa kwa muda wa mwaka mmoja na nusu au zaidi, pamoja na sindano za kila siku kwa miezi mingi, na wapo waliopoteza usikivu kwa sindano hizo. Ni tangu 2022 tu kwamba Shirika la Afya Duniani limependekeza kwa wagonjwa wengi wa aina hiyo tiba ya vidonge vitupu kwa miezi sita. Basi urefu wa dawa una sababu yake, na aliyeelewa sababu hiyo hubeba mzigo kwa moyo mwingine.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi. Je, mgonjwa anaruhusiwa kufanya kazi? Miongoni mwetu wapo waliosema kwamba mgonjwa ni wa kulala, na kwamba kumpa kazi ni kumwongezea siku za ugonjwa. Walisema hivyo kwa upendo. Tena hawakulizua wenyewe, kwa maana ndivyo hata waganga wakubwa wa dunia walivyoamini kwa muda mrefu.

Robert Koch alitangaza huko Berlin, tarehe 24 Machi 1882, kwamba amekiona kijidudu cha ugonjwa huu. Ndiyo sababu siku hiyo ya Machi imekuwa siku ya dunia ya kifua kikuu. Lakini kukiona si kukiua, na miaka zaidi ya 60 ilipita kabla ya dawa ya kwanza kuanza kutumika, streptomisini, iliyogunduliwa mwaka 1943. Katika muda huo wote, na hata baadaye, tiba ya wenye uwezo ilikuwa sanatori: nyumba ya mbali, yenye hewa safi na chakula kizuri, ambako mgonjwa alilala kwa miezi au miaka. Watu waliamini kwamba kitanda ndicho kinachoponya.

Mwaka 1956, katika mji wa Madras, ambao leo unaitwa Chennai, nchini India, watafiti waliamua kulipima jambo hilo. Waliwagawa wagonjwa maskini wa mji huo katika makundi mawili. Kundi moja lililazwa sanatori, likapumzika na kula vizuri. Kundi la pili lilibaki nyumbani, katika vyumba vyenye watu wengi, likala chakula hafifu, na wengi wao waliendelea kuhangaika na kazi zao. Wote walimeza dawa zilezile. Matokeo yaliyochapishwa kuanzia mwaka 1959 yalionyesha kwamba waliotibiwa nyumbani walipona karibu sawa na wale wa sanatori, na kwamba ndugu zao wa nyumba moja hawakuambukizwa zaidi kwa sababu mgonjwa wao alibaki nao. Dawa iliyomezwa bila kukosa ndiyo iliyoponya. Kitanda kilikuwa msaada tu.

Afrika ya Mashariki nayo ina sehemu yake katika habari hii, na yafaa tuijue. Dawa iliyokuwa ikichukua mwaka mmoja na nusu ilifupishwa kuwa miezi sita kwa sababu ya majaribio yaliyoanza mwaka 1970 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, jirani zetu wa ng'ambo ya Luapula. Tena ni katika Tanzania, tangu 1977, kwamba daktari Karel Styblo na wenzake wa huko walijenga utaratibu wa kumfuata kila mgonjwa, kumwandika, kumtazama akimeza, na kumpima makohozi mpaka mwisho. Utaratibu huo uliigwa baadaye na sehemu kubwa ya dunia. Kadi tunayopewa kituoni Kasomeno ni mjukuu wa kazi ile. Saa 360 zinatuchosha, ni kweli. Lakini zingeweza kuwa mara tatu.

Tulipoyaelewa haya, tulipata neno letu la kwanza: dawa ndiyo kazi ya kwanza ya siku, na kazi nyingine zote zipangwe kuizunguka. Hatukusema kazi ziachwe. Wala hatukusema dawa itafutiwe nafasi kati ya kazi, maana kinachotafutiwa nafasi kuna siku hukosa nafasi.

Tueleze basi jinsi kila mmoja alivyofanya.

Mshonaji ndiye mkubwa wetu kwa umri, nasi tunamwita yaya. Katika mwezi wa kwanza miguu haikumtii kukanyaga cherehani. Pirazinamidi humpa mtu maumivu ya viungo, na magoti yake yalijaa maumivu hayo. Aliwaeleza wahudumu, nao wakamsaidia. Akazigawa kazi zake katika mafungu mawili. Kazi za cherehani alimwachia binti aliyekuwa akijifunza kwake, akimsimamia kutoka mkekani. Kazi za sindano ya mkono, yaani pindo, vifungo, vishikizo na kutengeneza kola za mashati ya shule, alizitia mfukoni mwa kitenge na kwenda nazo kituoni. Benchi la kungojea likawa karakana yake. Alituambia kwamba tangu ajifunze kushona hakuwahi kuwa na saa moja ya asubuhi ambayo hakuna mtoto wala mteja anayemwita. Sare nyingi za wanafunzi mwaka ule zilipata vifungo vyake kwenye benchi hilo.

Mwalimu alikuwa na shida ya namna nyingine. Katika wiki za kwanza hakuruhusiwa kuingia darasani, kwa kuwa mgonjwa ambaye hajaanza kushindwa na dawa humwambukiza anayepumua naye hewa moja, na watoto ni wepesi kuambukizwa. Kwa hiyo alikaa nyumbani, madirisha wazi, shule ikifunguliwa bila yeye. Kwake yeye hilo lilikuwa chungu kuliko vidonge. Tulimtembelea tukaketi naye nje, chini ya mwembe. Ndipo alipoanza kuandika masomo ya mwaka mzima, wiki kwa wiki, katika daftari moja kubwa. Jambo ambalo, alisema, kila mwalimu huahidi kulifanya wakati wa likizo na hakuna anayelifanya. Mwenzake aliyeshika darasa lake alifundisha kwa daftari hilo. Wahudumu walipompa ruhusa ya kurudi, mkuu wa shule alikubali abadilishane saa ya kwanza na mwalimu mwingine, ili dawa itangulie na somo lifuate. Mabadiliko ya saa moja tu katika ratiba ya shule yalitosha. Hayakuigharimu shule faranga hata moja, lakini hayangefanyika kama mwalimu angeuficha ugonjwa wake. Tunalisema hili kwa uzito, kwa sababu wengi huficha. Na ajificha kwa mwajiri hulazimika kuchagua kila asubuhi kati ya uongo na dawa.

Sasa mchoma makala. Hapa ndipo tulipopimwa.

Kazi yake haikai karibu na kituo. Mtu hukata miti porini, huipanga, huifunika kwa majani na udongo, huiwasha, kisha hulilinda tanuru usiku na mchana, maana likipasuka na kuingiza hewa, kila kitu huwa majivu. Katika miezi miwili ya kwanza hakwenda porini kabisa. Hakuwa na nguvu, na moshi ungemwongezea kikohozi. Nyumba yake ilikula akiba. Mwishoni mwa Oktoba alipimwa makohozi, na vijidudu havikuonekana. Uzito ulikuwa umerudi. Usiku alilala bila kukohoa. Siku chache baadaye mkewe alikuja kutuambia kwamba mumewe amefunga shoka na blanketi.

Tulimkuta akiwa amekaa mlangoni. Yaya ndiye aliyesema naye.

"Mdogo wangu, tanuru litachukua siku ngapi?"

"Likiwa kubwa, wiki mbili, yaya."

"Na kutoka huko mpaka kituoni?"

"Nusu siku kwa mguu."

"Basi asubuhi 14."

"Nitabeba vidonge mfukoni. Kifua kimepona, yaya. Makohozi yamepimwa."

"Nani atakutazama ukimeza?"

Hakujibu upesi. Kisha alisema neno ambalo hatujalisahau: "Watoto hawali vidonge. Na minervali ya binti yangu wa sekondari, nani atailipa?"

Ingekuwa rahisi kumpa mahubiri. Tungeweza kumkumbusha habari za ugonjwa sugu, naye angeitikia kwa heshima, na kesho yake angeondoka alfajiri. Neno lake lilikuwa la haki. Hakuwa mvivu wa dawa, wala hakuidharau. Alikuwa baba mwenye hesabu mbili mkononi, na zote mbili zilikuwa za kweli. Shirika la Afya Duniani lenyewe limekiri jambo hilo: katika mpango wake wa kumaliza kifua kikuu, uliopitishwa mwaka 2014, liliweka kama shabaha kwamba familia isipoteze asilimia 20 au zaidi ya pato lake la mwaka kwa sababu ya ugonjwa huu. Uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi tangu hapo umeonyesha kwamba karibu nusu ya familia zenye mgonjwa hupoteza kiasi hicho. Dawa ni bure. Njia, chakula, na saa zisizolipwa si bure.

Basi tulikaa naye mpaka giza, tukaigawa kazi yake vipande. Tulimwuliza: katika makala, ni kipi kinachohitaji miguu yako, na ni kipi kinachohitaji kichwa chako? Kukata na kupanga kunahitaji miguu na mgongo. Kulinda usiku kunahitaji mtu mwenye macho, yeyote aliyefundishwa. Lakini kujua lini tanuru limeiva kunahitaji ujuzi: moshi mweupe mzito ni unyevu unaotoka katika mti; ukiwa mwembamba na kuanza kuwa wa samawati, makala yameiva na pumzi zizibwe. Kujua bei, kujua dereva gani hulipa na yupi huahidi, kunahitaji ujuzi pia. Vijana wawili wa shirika, ambao hawakuwa na kazi, walikwenda porini. Mmoja wao alirudi kila baada ya siku mbili kueleza rangi ya moshi, naye mwenye ujuzi aliwapa maagizo. Yeye mwenyewe alikaa barabarani na magunia, kwenye hewa safi, dakika chache kutoka kituoni, akiuza makala yake na ya wengine.

Faida iligawanywa mara tatu. Kwa hiyo alipata kidogo kuliko ambavyo angepata peke yake, na hatutaki kulipamba jambo hilo. Minervali ililipwa kwa njia nyingine. Mama zetu wana likelemba, ambayo mke wake alikuwa ndani yake, na zamu yake ilikuwa Februari. Walikubaliana kumpa zamu ya Novemba. Hakuna fedha iliyoongezwa. Zamu tu ilisogezwa. Tulijifunza hapo kwamba mara nyingi mgonjwa hahitaji sadaka, bali anahitaji wenzake wakubali kusogea kidogo.

Jambo la tatu lilihusu njia ya kila siku. Tulimwendea mhudumu wa kituo, tukamwuliza kama mmoja wetu angeweza kuwa mtazamaji wa dawa hapa kijijini, kwa miezi minne iliyobaki. Alikubali, kwa kuwa maelekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2017 yanaona kuwa ni vyema mgonjwa asindikizwe nyumbani au katika jumuiya yake kuliko kulazimishwa kufika kituoni kila siku. Alimfundisha mtazamaji wetu: atazame kidonge kikimezwa, atie alama kwenye kadi palepale, asiandike alama ya siku ambayo hakuona, aulize juu ya macho kuwa ya njano, kutapika na ganzi ya miguu, na apeleke habari bila kuchelewa. Tangu hapo wagonjwa wetu watatu walikwenda kituoni mara moja kwa wiki kuchukua vidonge. Asubuhi nyingine walimeza saa kumi na mbili, kwa maji, kabla ya kula, nyumbani kwa mtazamaji. Kisha kila mmoja alikwenda kazini kwake. Saa mbili zikawa dakika kumi. Zile saa tulizozihesabu mwanzoni, sehemu kubwa ilirudi shambani, darasani na kwenye cherehani.

Katika Kongo kuna chama cha watu waliopona ugonjwa huu, Club des Amis Damien, ambacho wanachama wake huwasindikiza wagonjwa wapya kwa namna kama hiyo. Hatukuzua jambo jipya. Tulifanya tu kwa ukubwa wa shirika moja kile ambacho wengine wanakifanya kwa ukubwa zaidi.

Lakini ni lazima tuseme upande wa pili, ili ndugu mgonjwa anayesoma ukurasa huu asije akajihukumu. Zilikuwepo siku ambazo hakuna kilichofanyika. Siku ambazo mkojo mwekundu wa rifampisini ulimtisha mtu ingawa alikwisha kuelezwa kwamba ni rangi ya dawa. Siku za kichefuchefu, ambazo harufu tu ya sombe jikoni ilitosha kumgeuza mtu. Siku ambazo mwalimu aliandika mstari mmoja, akaufuta, akalala. Wakati huo tuliogopa kwamba tumemgeuza mgonjwa kuwa kibarua, na kwamba katika kutafuta faida ya saa zake tumesahau kumwona yeye.

Tulikumbuka hapo watakatifu wawili waliokuwa na ugonjwa huuhuu. Bernadeta wa Lourdes alikuwa mwuguzi wa masista wenzake na mtunza sakristia katika konventi ya Nevers, tena mwenye mkono mzuri wa kutarizi. Alifariki tarehe 16 Aprili 1879, akiwa na miaka 35, na sehemu kubwa ya miaka yake ya mwisho ilipita kitandani. Tereza wa Mtoto Yezu aliandika sehemu ya mwisho ya maisha yake katika Juni na mwanzo wa Julai 1897, akiwa mgonjwa, mara nyingi katika kiti cha magurudumu bustanini, huku masista wakipita na kumkatiza kila alipoanza sentensi. Kalamu ilipomshinda alishika penseli. Penseli nayo ilipomshinda aliacha, na kitabu hakikumalizika. Alifariki tarehe 30 Septemba mwaka huohuo, na miaka 30 baadaye Kanisa lilimfanya msimamizi wa misioni, yeye ambaye hakufika misioni yoyote. Wote wawili walifanya kazi walipoweza na waliacha waliposhindwa, na heshima yao haikutegemea idadi ya kurasa wala ya mitarizi.

Kwa hiyo tuliweka desturi moja. Kila jioni, anayemtembelea mgonjwa hakuanza kwa kuuliza amefanya nini leo. Aliuliza amelalaje, amekulaje, kisha akanyamaza. Mwenye kutaka kuonyesha kazi yake aliionyesha mwenyewe. Na yaya alituachia kipimo tunachokitumia mpaka sasa: kazi inayomsaidia mgonjwa ni ile anayoweza kuiacha katikati bila kuharibika na bila mtu kumgombeza. Kifungo kinaweza kungoja. Daftari linaweza kungoja. Tanuru haliwezi kungoja, ndiyo maana lilihitaji mikono ya wengine.

Makohozi yalipimwa tena mwishoni mwa mwezi wa tano, na mara ya mwisho katika mwezi wa sita. Wote watatu walitangazwa kuwa wamepona mwanzoni mwa Machi. Mambo mengine hayakwenda vizuri hivyo. Shamba la mchoma makala lilipandwa kwa kuchelewa, na mavuno yalikuwa nusu ya kawaida; bukari katika nyumba ile ilihesabiwa mpaka msimu uliofuata. Binti wa mshonaji alipata wateja wake mwenyewe na kuondoka, jambo ambalo ni la furaha na la hasara pamoja. Vijana wawili wa tanuru sasa wanachoma makala wenyewe, nao wameoa.

Tunawaandikia ninyi wa mashirika mengine kwa sababu wagonjwa hawa wapo kwenu pia. Nchi yetu imo katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu duniani. Tena si kifua kikuu peke yake: mwenye kisukari na sindano zake za insulini, mwenye figo anayekwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, mwenye vidonge vya virusi vya UKIMWI atakavyomeza maisha yake yote, kila mmoja wao amepewa ratiba pamoja na dawa. Tumezoea kumwuliza mgonjwa: "Umemeza?" Ni swali jema, nalo liendelee. Tunaomba liongezwe la pili: "Saa zako zinakwendaje?" Jibu lake ndilo litakalotuonyesha nani asogeze zamu, nani abadilishe saa, na nani aende kulinda tanuru.

Maswali ya kuzungumza pamoja katika shirika:

1. Ni nani kati yetu anayetumia dawa ya kila siku, na inamchukua saa ngapi pamoja na njia? Tumewahi kuhesabu pamoja naye?

2. Katika kazi ya ndugu huyo, ni sehemu gani inayohitaji mwili wake, na ni ipi inayohitaji ujuzi wake? Nani anaweza kuazima mikono?

3. Je, anaweza kupumzika mbele yetu siku nzima bila kujieleza?